Tuta Mbele ya Lango la Jirani

Keti hapa kwanza nikuchoree barabara yetu, maana asiyeijua barabara hawezi kuuelewa ugomvi wake. Kunjua kiganja chako cha kushoto, kisha ukiinamishe kidogo kuelekea kwako. Huko juu, kwenye ncha za vidole, ndiko upande wa Sonatubes, mtaa wa Kigali penye njia panda, maduka na magari yasiyokwisha. Huku chini, kwenye kifundo cha mkono, kuna bonde. Barabara yetu ni ule mstari unaoshuka katikati ya kiganja. Ilipokuwa ya udongo hakuna aliyekimbia, kwa sababu mashimo yalikuwa yanamfundisha kila mtu adabu. Ilipowekwa lami tulipiga makofi, tukapiga na picha. Wiki hiyohiyo watu wakaanza kuiteremka kama wanaofukuzwa.

Sisi tunakaa upande wa kulia unaposhuka, karibu na katikati ya kiganja. Ng'ambo ya lami, mkabala na lango letu, kuna duka la fundi cherehani. Ni mama wa Kiislamu ambaye mababu zake walikuja huku na biashara kutoka pwani, wakaoa, wakabaki. Mama yangu naye alikulia ukimbizini Karagwe, akarudi nyumbani mtu mzima akiwa na watoto, mikeka na Kiswahili chake. Siku wanawake hawa wawili walipogundua kwamba kila mmoja anakijua Kiswahili kweli, si kile cha kununulia nyanya tu, urafiki ulianza palepale dukani, na chai ikamwagika kwa kicheko.

Kila alasiri mama alikuwa anavuka barabara kwenda kwa rafiki yake. Hakwenda kukaa bure. Fundi alikuwa na kopo kubwa la vifungo vya kila namna, na kazi ya mama ilikuwa kuvitenga: vya mashati huku, vya makoti kule, vya matundu mawili mbali na vya matundu manne. Alivitenga kwa vidole. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba dawa zingelinda kilichobaki, lakini kilichokwenda kimekwenda. Kilichobaki kilikuwa mwanga na vivuli.

Utauliza: sasa alivukaje? Kwa masikio. Alisimama ukingoni na fimbo yake, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza chungu kama kimeanza kuchemka. Gari likija alilisikia tangu mbali. Pikipiki aliisikia, na mara nyingine alikwambia kama ni nzima au ina ugonjwa. Kukiwa kimya, alivuka. Alivuka hivyo muda mrefu, na hakuna aliyekuwa na wasiwasi, hata mimi.

Hapa ndipo ninapopaswa kukueleza jambo moja kuhusu vijana wanaobeba abiria kwa pikipiki, ambao Kigali tunawaita motari. Petroli ni ghali, na milima yetu ni mingi. Kwa hiyo motari akifika juu ya mteremko huzima injini, akaiacha pikipiki iteremke yenyewe. Kwake yeye mteremko ni mafuta ya bure. Kisha zikaja pikipiki za umeme, ambazo hazina kelele hata zinapopanda. Tulizifurahia sana. Hewa ikawa safi, watoto wakalala mchana bila kushtuka. Hakuna aliyefikiri kwamba kuna mtu mmoja mtaani ambaye kelele ile ndiyo iliyokuwa macho yake.

Alasiri moja mama alisikiliza, akasikia kimya, akaanza kuvuka. Pikipiki ilimpita karibu kiasi kwamba ilimng'oa fimbo mkononi. Hakuumia. Motari alisimama chini kidogo, akarudi mbio kwa miguu, kofia ya kichwani ikimpigapiga, akaiokota fimbo na kumkabidhi kwa mikono miwili.

"Mama, pole sana," alisema kwa Kiswahili chetu cha Kigali. "Pikipiki yangu iko bila sauti. Mimi nilifikiri wewe unaniona."

"Na mimi nilifikiri wewe hupo," mama akamjibu. "Basi tumekosea wote wawili. Nenda, abiria wako anakusubiri."

Huyo motari mkumbuke. Ndiye kiongozi wa kijiwe chao pale juu kwenye njia panda, na tutamhitaji.

Baada ya siku hiyo sisi watoto wa mama tulikaa tukakubaliana kwamba asivuke tena peke yake. Ulikuwa uamuzi wa upendo, na kama maamuzi mengi ya upendo, haukumpendeza aliyependwa. Ilibidi angoje mmoja wetu arudi kazini ndipo ashikwe mkono na kuvushwa. Alivumilia siku chache.

"Napelekwa kama mbuzi wa mnada," aliniambia. "Mbuzi angalau hajui anakokwenda."

"Mama, ni kwa usalama wako."

"Najua, mwanangu. Hata mbuzi huwa wanamfunga kwa usalama wake."

Kisha akaacha kwenda. Fundi, kwa wema, akamletea lile kopo la vifungo nyumbani ili asikose shughuli. Lilikaa kwenye kochi siku mbili, halafu mama akaniambia nilirudishe. Nilipouliza kwa nini, alisema vifungo vya nyumbani havina maneno.

Kwa hiyo tulipofika kwenye mkutano wa tuta la kupunguza mwendo wa magari, au dodane kama tunavyosema huku, mimi nilijua ninachokitaka. Mkutano ulifanyika baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi tulizibua mifereji na kufyeka majani. Kazi ilipokwisha tukakaa kwenye nyasi, majembe pembeni, udongo ukikauka miguuni. Mkuu wa mudugudu wetu, yaani kitongoji chetu, mama mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, akasema mada ni moja tu: je, tuombe tuta kwenye barabara yetu?

Mkutano ulikuwa wa Kinyarwanda, nami nakuwekea hapa kwa Kiswahili. Swali la kwanza lilikuwa rahisi. Mikono yote iliinuka, hata ya motari, kwa sababu na wao wana wazazi. Tulijipongeza. Tulidhani tungefika nyumbani kabla ya viazi kupoa.

Halafu mkuu wa mudugudu akauliza: "Liwekwe wapi?"

Hapo kila mtu akawa mkarimu. Watu wa juu walisema litawafaa zaidi watu wa chini, kwa kuwa huko ndiko kasi inakokuwa kali. Watu wa chini walisema hapana, kasi inaanzia juu, na ugonjwa hutibiwa kwenye chanzo. Watu wa katikati walisema wao hawana neno, ila nyumba zao zina nyufa. Mkuu wa mudugudu aligawa mkutano kwa maisibo, yaani makundi madogo ya nyumba jirani, kila isibo ikashauriane na kutaja mahali. Yaliporudi majibu, kila isibo ilikuwa imechagua isibo nyingine. Hakuna iliyojichagua.

"Nimeongoza mikutano mingi," mkuu wa mudugudu alisema, "lakini sijaona watu wanaogombea kupeana zawadi hivi."

Aliyepinga waziwazi alikuwa mmoja tu, na kwa hilo namheshimu. Ni jirani yetu wa upande wa juu kidogo, mzee anayefanya kazi katika wizara moja huko Kacyiru, aliyekulia Uganda, mtu wa kupiga shati pasi hata siku ya umuganda. Alisimama, akafuta majani kwenye suruali.

"Ndugu zangu, tuseme ukweli. Tuta ni kelele. Lori likipita: gudum. Pikipiki ikipita: ko-ko-ko. Likiwa mbele ya lango langu, kitanda changu kitacheza mpaka asubuhi. Mimi nina usingizi mwepesi. Nataka tuta kwa moyo wote, lakini si mbele yangu."

"Mheshimiwa," kiongozi wa motari alimwambia, "wewe unalala saa ngapi? Kila nikipita, taa yako inawaka."

"Inawaka kwa sababu yenu."

Watu walicheka. Nami nilikuwa nimeshaandaa maelezo kichwani, marefu na mazuri, kuhusu mwendo na breki na umbali. Napenda kueleza mambo, unaona mwenyewe. Lakini kabla sijanyanyuka, mama, ambaye kwa umri wake hadaiwi umuganda ila huja kusikia habari, akaomba fundi amsaidie kusimama.

"Samahani, nimesikia neno kelele mara nyingi hapa," alisema. "Kila anayesimama anaiogopa. Naomba niwaambie, mimi kelele hiyo ndiyo ninayoitaka. Kasi hainisumbui. Hata kijana wa mbio nitamsubiri apite, mradi nijue anakuja. Tatizo langu ni kwamba siku hizi mnapita kama paka. Kama kuna kitu kitakachowafanya mgonge ko-ko-ko, mimi nitarudi kwa rafiki yangu bila kushikwa mkono."

Akakaa. Sote tulikuwa tumezungumzia tuta kama breki, kumbe yeye alihitaji kengele. Ni kitu kilekile, lakini ukikitazama kwa upande huo, swali la mahali linabadilika. Breki unaweka penye kasi. Kengele unaiweka pale ambapo mtu anayevuka ataisikia mapema, akabaki na muda.

"Kama ni hivyo liwekwe mbele ya duka langu," fundi akasema. "Mimi cherehani yangu inapiga kelele kuliko lori. Sitaligundua hata."

Tungepitisha hivyo tukaenda kula. Aliyetuzuia ni yule kiongozi wa motari. "Mbele ya duka ni karibu mno," alisema. "Akinisikia, nimeshafika. Tujaribu kwanza."

Sasa sikiliza jinsi tulivyofanya, kwa sababu ni jambo linalowezekana katika mji wetu na saa ile tu. Asubuhi ya umuganda barabara hazina magari. Mtu yuko na jembe au yuko nyumbani. Barabara yetu ilikuwa tupu kama sahani iliyooshwa. Mkuu wa mudugudu alipanda kuzungumza na polisi aliyesimama kwenye njia panda, akarudi na ruhusa ya muda mfupi. Fundi wa ujenzi aliyekuwa anamalizia nyumba jirani akatukopesha mbao. Motari akachukua pikipiki yake ya umeme. Na mama akasimama ukingoni, mgongo ameupa mteremko ili hata kivuli kisimsaidie.

"Msiniambie kama anakuja," alionya. "Atakayenong'ona namjua kwa sauti."

Kwanza tuliweka ubao mbele ya duka. Motari akashuka polepole, akagonga ubao, na mama akainua mkono. Lakini pikipiki ilikuwa tayari imeshapita mbele ya miguu yake.

"Huyu nimemsikia anakwenda," mama akasema.

Tukaubeba ubao hadi juu, karibu na kijiwe. Motari akashuka tena. Mama alisimama tu, mkono chini, akisubiri. Pikipiki ikamfikia, ikasimama pembeni yake, na motari akamwamkia kwa heshima zote. Mama akashtuka, akacheka hadi akashika fimbo kwa mikono miwili. Kule kulikuwa mbali; upepo wa mteremko ulikuwa umeila ile sauti.

Tukajaribu hapa na pale katikati. Kila mara tulisogea, na kila mara nilimwona jirani yetu wa wizarani akisogea pia, mikono nyuma, akitazama ubao kama mtu anayetazama mvua ikija upande wake. Mwishowe ubao ukatua mbele ya lango lake.

Nilimwangalia motari akipanda hadi juu. Akageuka. Akaiachia pikipiki. Ilishuka bila sauti yoyote, ile hali iliyokuwa imemfanya mama akae ndani kwa wiki nyingi, kisha ikafika kwenye ubao. Tairi la mbele, tairi la nyuma, na kofia ya abiria iliyoning'inia kwenye usukani ikagonga chuma. Ko-ko-ko.

Mama aliinua mkono. Halafu akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Alishusha mkono, akageuza uso upande ilikotoka sauti, akainamisha kichwa kidogo, akavuka. Nilianza kukimbia, fundi akanishika mkono wa shati.

"Mwache," aliniambia. "Anahesabu."

Fimbo iligusa lami, ikagusa ukingo wa ng'ambo, ikagusa mguu wa benchi. Mama akakaa kwenye benchi la duka, mahali pake palepale, akatandaza kitenge magotini. Motari alikuwa bado anakuja. Alipofika, alikuta barabara tupu na mama akimpungia mkono.

"Kijana, umechelewa," mama akamwambia.

Makofi yaliyopigwa siku ile yalizidi yale ya lami. Fundi aliingia ndani, akatoka na kopo la vifungo, akaliweka mapajani mwa mama. Nasi wote, bila kupanga, tukageuza macho kumtazama jirani yetu aliyekuwa amesimama langoni kwake, mbele ya ubao.

Hakuharakisha. Aliugusa ubao kwa ncha ya kiatu. Akaiangalia nyumba yake, akaliangalia benchi la ng'ambo.

"Kitanda," alisema hatimaye, "nitakihamishia chumba cha nyuma."

Mkuu wa mudugudu akaandika ombi, likapelekwa kunakohusika. Usidhani tuta lilikuja kesho yake. Kuna wataalamu wa kupima, kuna kusubiri, na walipokuja walilisogeza kidogo kwa ajili ya maji ya mvua. Jirani yetu alisimama nao muda wote, akiwauliza maswali mengi, kwa sababu sasa lilikuwa tuta lake. Nilipopita nilimsikia akiwaambia wasilipunguze kimo mno.

"Likiwa laini halitasikika," alisema. "Huku tunahitaji la kusikika."

Lilipopakwa rangi nyeupe na kuwekewa kibao, mama alilikagua kwa fimbo kutoka ukingo hadi ukingo. Alasiri ile akavuka peke yake. Sisi watoto wake tulijificha nyuma ya lango tukichungulia, watu wazima wenye kazi zetu, tukidhani hatuonekani.

"Nawasikia mnavyopumua," alisema bila kugeuka. "Rudini mkapike."

Ungependa niishie hapo, lakini bado kuna kipengele kimoja, na ndicho kilichonifanya nikuketishe. Tuta letu halifiki hadi kwenye mfereji. Pembeni limeachwa pengo jembamba ili maji yapite, na ni lazima libaki, la sivyo mvua ya Aprili ingeingia moja kwa moja sebuleni kwa jirani. Pengo hilo gari haliwezi kulipita. Pikipiki inaweza. Siku ya pili tu baadhi ya motari walishaligundua. Walijipinda, wakapita hapo sambamba na mfereji, kimya, kama zamani.

Mama alilijua kabla yetu. Alirudi nyumbani akasema, "Kuna wengine wanakuja bila kubisha hodi."

Nilikwenda kijiweni kuzungumza na kiongozi wao, nikiwa tena na maelezo yangu marefu. Nilimkuta ameshaanza. Alikuwa amewakusanya wenzake, amesimama juu ya jiwe.

"Yule mama wa vifungo mnamjua?" aliwauliza.

"Tunamjua."

"Nani anakumbuka alichonijibu siku ile nilipomng'oa fimbo?"

Walikumbuka wote, kumbe ilikuwa imekuwa hadithi ya kijiwe. Akawaambia basi, kila anayepitia pembeni anamwambia mama yule kwamba yeye motari hayupo. Hakutaja adhabu. Tangu hapo, ukikaa kwenye benchi la fundi, utasikia ko-ko-ko mchana kutwa, na mama akitenga vifungo huku akitaja nani amepita, kwa kuwa kila pikipiki inagonga kwa namna yake. Jirani yetu husimama kidogo hapo akirudi kutoka Kacyiru, kuuliza kama tuta lake linafanya kazi. Kitanda kiko chumba cha nyuma. Anasema analala vizuri kuliko zamani, ila hataki tulitangaze.

Motari wetu wote wanajua sasa. Tunaowahofia ni wageni. Kwa hiyo siku utakayokuja kututembelea, ukichukua pikipiki pale juu, Sonatubes, mguse dereva wako begani mtakapoanza kushuka, umwambie asikwepe kwa kupitia kando ya mfereji. Apite juu ya tuta.